Gari la Kale Litengenezwe Likitembea

Wako watu wengi katika miji yetu ya pwani ambao bado wanamiliki, na si kumiliki tu bali kuendea kazini na kurudia nyumbani kila siku, magari yaliyoundwa kabla baadhi ya madereva wa leo hawajazaliwa. Na kila mmoja wao amekwisha kupewa, bila ya kuomba, nasaha moja ambayo aghalabu hutolewa kwa sauti ya yakini: gari lenye kutu lisitembezwe, liingizwe gereji, livuliwe kila kitu mpaka ibaki bodi tupu, litengenezwe lote kwa mara moja, ndipo lirudi barabarani. Nasaha hii ina sura ya hekima, na kwa mtu mwenye banda la kuezekwa, fedha zilizokwisha kuwekwa kando na gari la pili la kutumia wakati wa kungoja, huenda ikawa hekima kweli. Lakini katika hali ya mifuko yetu, hewa yetu na gereji zetu, mimi naiona kuwa ndiyo njia fupi ya kulizika gari. Rai yangu ni kwamba gari la kale litengenezwe kutu yake likiwa linatembea, kipande baada ya kipande, isipokuwa pale kutu ilipokwisha kula sehemu inayobeba uzito wa gari na roho za watu waliomo ndani. Na hapo lisimame siku ile ile, bila ya hoja wala udhuru.

Magari ninayoyakusudia si yale ya maonyesho, yanayopanguswa kwa kitambaa laini na kutolewa siku za sikukuu, bali ni yale ya kazi: Peugeot 404 na 504, Volkswagen za mgongo wa mviringo, Land Rover zenye vioo vya kusukuma, na Datsun chache zilizosalia. Sifa zao hazikuletwa na matangazo. Katika mashindano ya Safari, ambayo zamani zile yalipita katika tope na vumbi la Kenya, Uganda na Tanganyika, Volkswagen ilishinda mwaka 1962, Peugeot 404 ikafuata mwaka 1963, kisha tena 1966, 1967 na 1968. Na katika miaka miwili kati ya hiyo, 1963 na 1968, magari yaliyofika mwisho yalikuwa saba tu. Ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland, aliyekuwa mkaazi wa Dar es Salaam. Peugeot 504, iliyotolewa Ufaransa mwaka 1968, nayo ikashinda mwaka 1975 na 1978, ikaunganishwa Kenya kwa miaka mingi, na ile yenye safu tatu za viti ndiyo iliyowabeba abiria wa safari ndefu kizazi kizima. Injini za magari haya, zikipewa oili safi na maji ya kutosha, hudumu kuliko subira ya wenyewe. Kinachoyaondoa barabarani, hasa huku pwani, ni kutu.

Na kutu si uchafu unaokuja kutoka nje ukatua juu ya gari. Ni chuma chenyewe kikirejea katika hali ya udongo kilikotolewa, na ili kirejee kinahitaji vitu viwili tu, maji na hewa, ambavyo havikosekani popote. Chumvi haiumbi kutu, lakini huiharakisha mno, kwa sababu kuliwa kwa chuma ni kazi ya umeme mdogo upitao katika maji yaliyokigusa, na maji ya chumvi huupitisha umeme huo kwa wepesi. Fauka ya hayo, chumvi huvuta unyevu kutoka hewani, hata bati lililopata marasharasha ya bahari likabaki na utando wa maji ilhali bati la namna ile ile huko bara limekwisha kukauka tangu asubuhi. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Mwenye kuvuka kivuko cha Likoni kila siku wakati wa kusi, dirisha la gari lake likapigwa na tone moja moja, amekwisha kuipokea sehemu yake ya chumvi hiyo, na aliyejenga ufukweni huipokea hata akiwa amelala. Tena kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Ndiyo maana huinua rangi, hupanua maungio ya mabati mawili yaliyolaliana, na huonekana kwa nje ikiwa kipele cha ukubwa wa choroko, ilhali kwa ndani imekwisha kuenea upana wa kiganja.

Sasa mtu atauliza: ikiwa hali ndiyo hiyo, si afadhali gari lifichwe? Hapa ndipo nisipokubaliana na wengi. Gari linalotembea hupitiwa na upepo, na joto la injini na la jua juu ya mabati yanayosogea hukausha pembe ambazo maji hujificha, na mwenyewe, kwa kuwa analikalia kila siku, husikia mlio mpya, huona tone jipya sakafuni, hunusa zulia lililoanza kuvunda. Gari lililosimamishwa chini ya turubai la plastiki hutoka jasho usiku, na jasho lile halina pa kwenda. Gari lililoachwa uani kwa fundi, chini ya mwembe, hujazwa majani katika ule mfereji ulio chini ya kioo cha mbele, majani yakaoza, yakaziba matundu ya kutolea maji, na mvua ya kwanza ya masika ikaingia moja kwa moja hadi miguuni mwa dereva. Ongeza juu ya hayo desturi ya gereji zetu, ambayo sote tunaijua ingawa hatupendi kuitaja: fedha za mwenye gari hukatika katikati ya kazi, fundi huchukua kazi nyingine yenye malipo ya leo, bawaba na vishikizo vilivyofunguliwa hutiwa katika debe moja na vya gari la mtu mwingine, na baada ya mwaka hakuna anayekumbuka ni komeo lipi la mlango upi. Pitia gereji yoyote ya zamani, uhesabu magari yaliyovuliwa kwa nia njema na hayakuvishwa tena.

Waliotutangulia hapa pwani waliijua kanuni hii katika vyombo vyao kabla gari la kwanza halijashushwa bandarini. Mwenye jahazi hakulivunja jahazi lake kila ubao mmoja ulipooza. Alilipandisha ufukweni wakati wa bamvua, maji yalipokupwa likakwanguliwa, ubao mbovu ukatolewa na mwingine ukatiwa, maungio yakapigwa kalafati mpya, chini likapakwa shahamu na chokaa na juu sifa, na maji yalipojaa likarudi kazini. Tofauti ya seremala yule na fundi wetu wa leo ni moja tu: yule hakuweza kuyaambia maji yaje kesho. Mwenye gari naye lazima ajiwekee wakati wa namna hiyo, na mimi huona kuwa wakati ulio bora ni magharibi ya siku ile ile, yaani asifungue asubuhi eneo la chuma ambalo hana yakini ya kulifunika kabla ya jua kuzama.

Nitarudi kwenye kazi hiyo, lakini kwanza ile sehemu isiyokubali kungoja, kwa kuwa nisingependa mtu ayachukue maneno yangu akayafanya ruhusa ya kuendesha jeneza.

Magari hayafanani chini. Sedani ya Peugeot 504 haina chesisi ya kujitenga. Bodi yenyewe ndiyo chesisi, na zile boriti za bati lililokunjwa, zinazopita chini ya milango kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma, pamoja na sakafu na nguzo za milango, ndizo zinazolizuia gari lisijikunje katikati. Mlango unaokataa kufunga mpaka uinuliwe, katika gari la namna hii, hauna maana kwamba bawaba zimechoka tu. Huenda gari limeanza kulegea kiunoni. Land Rover ni kinyume chake. Lilipotoka mwaka 1948 Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, basi mabati yake ya juu yakafanywa ya aluminiamu, ambayo haishiki kutu nyekundu, na mwenyewe hufurahi kwa miaka akiona bodi safi, ilhali chesisi ya chuma iliyo chini, yenye umbo la sanduku, inaliwa kutoka ndani ambako jicho halifiki. Na pale aluminiamu inapogusana na chuma penye chumvi, ni aluminiamu inayogeuka unga mweupe. Kwa hiyo uzuri wa juu wa Land Rover hauthibitishi lolote kuhusu chini yake.

Kipimo ni rahisi na hakihitaji mtambo. Gari liinuliwe kwa jeki na kuwekwa juu ya stendi imara, si juu ya mawe wala tofali, kisha mtu aingie chini na nyundo ndogo na bisibisi ya zamani, apige taratibu na kusikiliza: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti ya bubu. Aanze na boriti za chini ya milango, aende mahali zinaposhikwa springi na shokapu, mahali pa sanduku la usukani, mahali inapofungwa mikanda ya usalama, kisha afuate paipu za breki toka mwanzo hadi mwisho, ambazo ni chuma chembamba na aghalabu huoza chini ya vile vibanio vinavyozishikilia, pasipoonekana. Bisibisi ikipenya katika mojawapo ya sehemu hizi, gari halitoki tena uani ila kwa kuvutwa. Paipu zibadilishwe zote, na zikipatikana za mchanganyiko wa shaba na nikeli ni bora zaidi, kwa kuwa hizo haziliwi na chumvi. Boriti ikatwe upande mmoja kwanza, gari likiwa limekaa sawa na uzito wake umebebwa, na uwazi wa mlango umetiwa chuma cha kuushikilia usibadili umbo. Upande wa pili usiguswe mpaka wa kwanza umekwisha kuungwa. Fundi anayekata pande zote mbili kwa pamoja ili aharakishe atamrudishia mwenyewe gari ambalo milango yake haitafunga tena maisha.

Hayo ndiyo ya kusimamishia gari. Katika mengine yote, yaani milango, madigadi, boneti, buti, kingo za vioo na sakafu iliyoanza kuwa nyekundu bila ya kutoboka, gari liendelee na kazi yake, na kutu itolewe pahali pamoja kwa wakati mmoja. Wakati wake ni kaskazi, Januari na Februari, jua linapokuwa kali na mvua ni haba; wakati wa masika mtu atosheke na kuziba na kupaka grisi. Zulia na viti vya upande ule vitolewe, rangi iondolewe kupita mpaka wa kutu, kwa brashi ya waya kwanza na msasa baadaye, mpaka chuma kionekane cheupe. Na kwa kuwa vishimo vidogo hubaki na kutu ambayo msasa hauifikii, vipakwe ile dawa yenye asidi ya fosforasi inayoigeuza kutu iliyosalia kuwa kitu kisichoendelea kula, kisha paoshwe kama maelezo ya chupa yanavyotaka na pakaushwe vizuri. Chuma kilichosuguliwa hapa kwetu na kuachwa wazi hubadilika rangi kabla ya kulala na kuamka.

Na hapa liko kosa ambalo limeangamiza magari mengi kuliko uvivu. Watu huona ile rangi ya kwanza, nyekundu au ya kijivu, wakadhani kwamba kazi imekwisha na chuma kimesitirika, na gari likatembea na viraka vyake vyekundu mwaka mzima likingoja siku ya kupulizwa rangi yote. Praima ya kawaida ina matundu madogo. Imefanywa ili rangi ya juu ishike, haikufanywa izuie maji, na mvua hupita ndani yake ikaanza kazi upya juu ya chuma kile kile kilichogharimiwa. Ama itumike ile ya epoksi, inayochanganywa kutoka makopo mawili, ama ipakwe rangi ya mwisho juu yake bila ya kuchelewa, hata kwa brashi, hata kama kopo lililopatikana halifanani na rangi ya gari. Najua kwamba waungwana huona haya kuendesha gari la rangi tatu. Mimi naliheshimu gari la namna hiyo, maana naona mwenyewe anafanya kazi.

Penye tundu panahitaji bati jipya, na hapo nina ugomvi mdogo na baadhi ya mafundi. Bati la bodi ya magari haya lina unene wa karibu milimita moja, wastani wa geji 20 hivi. Bati la kuezekea nyumba, ambalo hupatikana katika kila kona na kwa hiyo ndilo linalokatwa, aghalabu ni la geji 30, unene wa karibu theluthi ya milimita, na limepakwa zinki ambayo ikichomwa hutoa moshi unaomtia mchomeleaji homa. Kiraka cha bati la nyumba katika sakafu ya gari ni hadaa iliyochomelewa. Kazi ya moto ikifanywa, betri ifunguliwe, petroli iwe mbali, tangi lilindwe au litolewe, pawe na ndoo ya maji na gunia lililoloweshwa, na pawe na mtu upande wa pili wa bati, kwa sababu anayechoma haoni kinachowaka nyuma ya kazi yake. Kisha, jambo linalosahauliwa kuliko yote, nyuma ya kiraka papakwe nta au oili safi inayopenya. Moto umekwisha kuunguza rangi ya ndani, na kiraka kizuri kilichoachwa uchi nyuma yake hutoboka kabla ya bati la zamani lililokizunguka.

Puti sina ubaya nayo ikikaa mahali pake, nayo mahali pake ni juu ya chuma kizima, utando mwembamba wa kusawazisha bonde. Ikitiwa juu ya tundu hufyonza unyevu na kuuweka karibu na chuma, na kwa kuwa juu yake pamepakwa rangi ya kung'aa, mwenyewe hulala usingizi mwema mpaka siku puti yote inapodondoka kwa tikisiko moja la barabara. Nimepata kuona tundu lililozibwa kwa gazeti lililotiwa gundi, puti juu yake, na rangi nzuri juu ya puti. Na ingawa mimi huandika magazetini na ningefurahi maneno yangu yadumu, sikutaka yadumu hivyo. Kazi ya namna hiyo ikifanywa ili gari liuzwe, jina lake ni ghashi, na anayeifanya anajua.

Ama ile ada ya kupaka oili chafu chini ya gari, siikatai kabisa wala siisifu. Ni kweli kwamba mafuta huzuia maji. Lakini oili iliyokwisha kutumika huvimbisha mipira na bushi, hushika vumbi likawa tope la kuziba matundu, hudondoka ardhini ikaharibu udongo na visima, haifai kuguswa kwa mikono mitupu, na hufanya kazi ya moto ya baadaye kuwa ya hatari. Nta au grisi si ghali kiasi hicho, na atakaye mafuta atumie safi.

La kuosha linahitaji neno moja, kwa kuwa hapa pwani lina mtego wake. Kuosha chini ya gari mara kwa mara ni dawa bora na rahisi kupita zote, hasa kwa mwenye kupita kivukoni, maadamu maji yenyewe ni matamu. Visima vingi vya Mombasa na vitongoji vyake vina maji ya chumvi, na ndiyo yanayotumika katika sehemu nyingi za kuoshea magari. Basi mtu hulipa fedha yake, gari likang'aa juu, na chini likaongezewa kile alichokuja kukiondoa. Ulizeni maji yanatoka wapi. Mvua ya vuli iliyokingwa katika pipa ni bora kuliko mpira wa maji wenye nguvu unaotoka kisima cha chumvi.

Serikali zetu nazo zinayatazama magari kwa umri wake. Kenya haikubali kuingizwa gari lililopita miaka minane, na Tanzania hutoza ushuru wa uchakavu. Sheria hizi zina sababu zake na sikuja kuzipinga. Lakini zinahesabu miaka, na kutu haina kalenda. Gari lililotumika kaskazini ya Japani, ambako barabara hutiwa chumvi wakati wa theluji, laweza kufika bandarini likiwa ndani ya umri wa sheria na chini limekwisha kuliwa, ilhali Peugeot 404 iliyokaa Nakuru au Iringa yaweza kuwa na sakafu safi baada ya nusu karne. Ukaguzi wa magari, ule wa kutazama taa, matairi na honi, ungetenda insafu zaidi kama ungeanzia chini, kwa nyundo na bisibisi, kwa gari kuukuu na kwa gari lililoshuka melini jana, bila ya kubagua.

Na kwenu mafundi wa bodi, ambao kazi yenu naiheshimu na najua ujira wake ni mdogo, nina ombi moja: kabla hamjapaka praima, mpigieni simu mwenye gari aje akione chuma kikiwa uchi, aguse kwa kidole chake mahali mlipokata na mahali mlipounga. Na mwenye gari asiyeitwa, asilipe.